Unga Uliochelewa

Bomba la Uvinza lilikauka siku ya tatu,
nikamtuma Nyamwiza wa jirani maji.
Akaniletea ndoo ya kisima cha kule chini,
karibu na matanuri, ambako hata nyasi huota kwa kusitasita.
Sikuonja. Kosa langu hilo.
Saa tisa usiku nikakanda kilo nane,
hamira, sukari, mafuta kidogo,
nikafunika kwa khanga, nikakaa.

Saa kumi: jiwe.
Saa kumi na moja: jiwe.
Treni ya Kigoma ikapiga honi ng'ambo ya Ruchugi
na karai langu halijapumua hata mara moja.
Nikachovya kidole kwenye ndoo, nikalamba:
munyu. Munyu wa kukunja uso.

Nilidhani nimeiua.

Nilikuwa nalibeba karai nikalimwage
Ntahondi aliponiita dirishani, yule wa maabara ya sekondari,
mteja wangu wa mkopo (hulipa Jumatatu, akikumbuka).
"Usitupe. Njoo uangalie."
Akachota tone, akaliweka chini ya hadubini.
Nikaona chembe zimesongamana kama choroko kwenye ungo,
zimenywea, zimekunjamana,
kila moja imejiingia yenyewe.

"Chumvi imezinyonya maji," akasema.
"Hazijafa. Zimenyamaza.
Kila chembe ina kijimlango ukutani,
glisirini hutokea hapo. Sasa zimekifunga, ndi!
Ile sukari uliyozipa haziili yote,
nyingine zinaipika iwe glisirini,
zinaijaza tumboni
mpaka ndani pawe pazito sawa na nje.
Hapo maji hayana tena sababu ya kukimbia. Yanarudi."

Glisirini? Ile ile?

Ile ile. Ya chupa ndogo yenye kizibo chekundu
iliyokaa dirishani kwetu miaka yote
baba alipokuwa akichochea moto wa chumvi.
Jioni mama alimpaka viganja vilivyopasuka,
naye akihesabu nyufa kwa Kiha,
rimwe, kabiri, gatatu,
kama mtu anayehesabu mbuzi wake.

Miaka ishirini na sita ndani ya mvuke ule
na hakuugua hata mafua.
Alisema kidogo. Kuna kitu alikijaza tumboni,
sijui nini,
akafunga mlango.
Kisha wakamstaafisha. Akachukua kiinua mgongo chake,
akaenda Kasulu kwa kaka yake, kwenye migomba,
maji baridi ya mlimani, hewa isiyokwaruza koo.
Hakumaliza masika.

Nikamuuliza Ntahondi:
na zikirudishwa kwenye maji matamu?
Akaacha kutabasamu.
"Hapo ndipo pabaya. Maji huingia kwa pupa.
Isipowahi kufungua mlango
na kumwaga ilichokijaza,
hupasuka."
"Ina muda gani?"
"Sekunde chache."

Sisemi baba alikuwa hamira.
Nasema tu nilisimama pale, mikono ina unga,
kengele ya darasa ikalia, watoto wakapita,
na sikutaka kutoa jicho kwenye kile kioo.
Moja ilikuwa inajaa.
Polepole mno, kama shavu la mtoto aliyepona surua.
Kisha ya pembeni yake.
Nyingine, pale ukingoni, haikujaa. Niliingoja. Haikujaa.

Saa nne kasoro unga ukainuka,
si sana, wa kiasi cha kufunika aibu.
Nikakaanga maandazi mia na kumi na mawili
treni imeshafika mwisho wa reli,
stesheni hakuna mtu ila mlinzi na mbuzi wake.
Nikayapeleka kwenye matanuri, nusu bei.
Vijana wakala wamesimama, midomo imepauka,
mmoja akalamba vidole, akaniambia:
"Leo, mama Zabloni,
leo chumvi umeipatia."